Maziwa Yaliyofuta Hirizi

Imesimuliwa, na aliyenisimulia mimi ni bibi yangu Salha, Mungu amrehemu, naye alisimuliwa na babu yake aliyehamia Tanga kutoka milima ya Yemeni, milimani kabisa si pwani, bibi alikuwa hataki hilo lichanganywe, kwamba katika mji mmoja wa huko juu, mji wa mawe uliozungukwa na milozi, palikuwa na mtaa wa Mayahudi, na mtaa wa Waislamu ulianzia pale ule ulipoishia, na watu wake walikuwa wakiazimana ungo, chumvi na habari.

Enyi mama wenzangu mlio ndani ya arubaini, na nyinyi mlioimaliza mkasahau ilivyokuwa, kaeni niwasimulie kama nilivyosimuliwa. Bibi hakuwa akikisimulia kisa hiki mikono mitupu. Alikuwa akiketi uani baada ya Alasiri, na bakuli la lozi zenye maganda yake, na jiwe dogo jeusi la kuvunjia, nasi wajukuu tumemzunguka, sikio moja kwenye kisa na jicho moja kwenye bakuli. Ua ule leo umejengwa ghala la saruji. Lakini nikisikia kitu kikivunjika, tak, mimi narudi pale pale, nanusa mpaka udi wa nguo zake.

Bibi alikuwa akianza na Mori. Mori ndivyo Mayahudi wa Yemeni walivyomwita mwalimu wao wa dini. Huyu aliitwa Mori Yihya, mja mcha Mungu, kazi yake kufua fedha, kucha zake nyeusi kwa moshi siku zote isipokuwa siku ya Sabato. Na siku hiyo ya Sabato, adhuhuri ikishapita, ilikuwa desturi yao watu kukusanyika nyumbani kwake, wanaume ukumbini, wanawake nyuma ya pazia, sinia la lozi na zabibu kavu katikati, wanakula kidogo kidogo na kumsifu Mola wao kwa nyimbo, kisha Mori huchukua lozi moja mbichi, yenye maganda yake yote, akafundisha.

"Mnaniuliza shari imetoka wapi," alikuwa akisema. "Mungu ni mmoja, kila kitu kimetoka kwake, basi hii shari imeingilia mlango gani? Tazameni." Akabandua ganda la juu lenye manyoya. Akabandua la pili, nene na chungu. Akavunja la tatu, gumu kama mfupa. "Bila haya tunda lisingekomaa. Lakini je, ganda lina utomvu wake? Halina. Linanyonya kwenye kiini. Likikosa pa kunyonya linakauka, linaanguka. Huo ndio Upande wa Pili, upande wa shari, mnaouogopa. Msidhani ni ufalme mwingine wenye mfalme mwingine. Ni ganda."

"Na hilo jembamba, Mori, lililobaki kwenye kiini?"

"Hili," akasema, akiishika lozi kwa ncha za vidole, "hili ni la katikati. Si kiini, wala si ganda la kutupa. Ukilila pamoja na kiini linapanda nacho. Ukilichuna ukalitupa, limekwenda na wenzake. Hapo ndipo tunapoishi wengi wetu."

Na kuhusu najisi alikuwa akisema hivi, na mimi nayapenda sana maneno haya: najisi si dhambi. Chungu kilichopakuliwa mchuzi ndicho nzi anachokijia. Chungu ambacho hakijawahi kupikiwa, nzi hana haja nacho. Maiti alikuwa na uhai, umetoka, basi maganda hukusanyika pale kutafuta masalia. Mzazi naye alikuwa na uhai wa pili tumboni, umetoka, ni vivyo hivyo. Ndiyo maana kila mmoja ana maji yake ya kujitoharisha, na maji hayo ni heshima kwa kilichopita hapo, si aibu. Na sisi si tunayo nifasi yetu, na josho letu la maiti? Basi tunaelewana.

Lakini watu ni watu. Mori aliyasema yote hayo, wao wakaondoka na neno moja tu: maganda. Mtoto akikohoa, maganda. Mkate ukiungua, maganda. Mwanamke akipita na jicho kali, tobaa, ana maganda huyo, jamani mfunikeni mtoto.

Sasa nyuma ya lile pazia alikuwa akiketi mwanamwali mmoja jina lake Badra, akawa anasikiliza hivyo hivyo mpaka akaolewa na Shukri mfinyanzi. Akazaa mtoto wa kiume, akafa. Akazaa wa pili, wa kiume pia, akafa. Na kwa Mayahudi mtoto wa kiume hupewa jina lake siku ya kutahiriwa, siku ya nane, si kabla, na wale wawili hawakuifikia siku hiyo, wakazikwa hata jina hawana, mama yao akilia alikuwa hana la kuita. Mnaona? Anafungua kinywa, hana la kuita.

Wanawake wakanong'ona, kama tunavyonong'ona. Kisha Badra akazaa wa tatu, wa kiume tena, akatoka analia kwa nguvu mpaka mtaa wa pili wakasikia.

Basi ikawa ni kulinda. Chumba kikatundikwa majani ya harufu kali, kisu kikawekwa chini ya mto, ukutani majina ya malaika. Na Mori Yihya, akiwa amefunga, akaandika hirizi kwa mkono wake kwenye kipande cha ngozi ya paa, ndani yake majina matukufu ya Mola, na kwa kuwa kikopo cha fedha cha kuitilia kilikuwa bado kiko mezani kwake hakijamalizika, ikashonwa kwenye kijifuko cha pamba, Badra akaivaa katikati ya matiti, baina yake na mwanawe. Najua kuna atakayeniuliza, hirizi tena? Mimi nasimulia nilivyosimuliwa. Wale walikuwa na sharia yao, na hesabu ya wote iko kwa Mungu.

Na mlangoni akaketi mama mkwe, Bi Rumia, juu ya kigoda, fimbo mapajani, kama askari wa forodha. Kila mgeni akaguliwe. Umetoka wapi? Umepita wapi? Umekanyaga nini? Maskini Rumia, msimcheke sana, naye alikuwa amezika wajukuu wawili.

Ikatokea, kwa kudra yake Mola, nyumba iliyopakana na ile, ukuta mmoja, mwanamke mwingine akashikwa na uchungu. Lulua, binti wa Bi Naama. Na huyu Bi Naama ndiye aliyekuwa muosha maiti wa mtaa ule, mjane, mwanamke wa vicheko vingi ukimkuta sokoni, lakini watu wakiwa na mtoto mchanga walikuwa wakivuka njia wasipishane naye. Lulua akazaa mtoto wa kike, akamlaza kifuani, akamtazama, kisha yeye akafa, mtoto akiwa pale pale kifuani.

Na nani atamuosha? Muosha maiti ni mama yake. Akamuosha mwanawe mwenyewe, kiungo kwa kiungo, akamvika sanda, wakamchukua. Na desturi yao akishamaliza kazi hiyo haingii nyumba ya mtu mpaka aende birikani, kwenye maji ya chemchemi chini ya mji, akajizamishe. Lakini yule mtoto alikuwa analia. Bi Naama akamfunga kwenye shali, akatoka, mikono ya nguo bado imelowa, akaja moja kwa moja kwa Badra.

"Rudi!" Rumia akasimama na fimbo yake. "Rudi hapo hapo! Una maji ya maiti mikononi!"

"Maiti gani, Rumia?" akajibu Naama. "Ni Lulua. Lulua uliyemsuka nywele siku ya harusi yake."

"Namjua, namlilia, lakini birikani umekwenda?"

"Nikienda nani amshike huyu? Wewe?"

"Astaghfiru! Mtoto amelala juu ya kifua cha maiti! Amenyonya mauti huyo, Naama. Ukimleta hapa maganda yote yaliyo kwenu yanakuja kwetu, na sisi tunaye mmoja tu, mmoja, hata jina bado!"

"Sikuja kwako wewe mwenye maziwa yaliyokauka zamani. Nimekuja kwa Badra." Akainua sauti. "Badra, mwanangu! Mtaani kwetu mwezi huu hakuna anayenyonyesha ila wewe. Mnyonyeshe mara moja tu, atulie. Mara moja."

Na Badra alikuwa ndani, nyuma ya pazia, mwanawe kwenye titi. Anasikia kila neno. Jamani, alikuwa na maziwa yale ya siku za mwanzo yanayokuja kwa fujo, kifua kimejaa mpaka kinauma, mtoto anasongwa nayo, anakohoa. Alimpenda Lulua. Walicheza pamoja. Lakini alimtazama mwanawe, akaona wale wawili wengine wamelala nyuma yake kama kivuli nyuma ya mtu, akaingiwa na hofu, na kabla hajafikiri neno likamtoka kinywani:

"Sina maziwa, Bi Naama. Yamekauka. Hata huyu wangu hapati."

 Rumia akaishusha fimbo yake, kwa kuwa alijua si kweli.

Naama akasogea kidogo, akatazama ndani kupitia upenyo wa pazia. Kisha akasema, na bibi alikuwa akiisema sehemu hii polepole sana: "Pole, mwanangu. Mungu akurudishie." Akaondoka na mjukuu wake analia.

Si kwamba yule mtoto aliachwa. Mama yake yule babu wa bibi yangu, naye alikuwa Mwislamu wa ule mtaa wa pili, mtu mzima aliyekwisha acha kuzaa, alikuwa akipeleka maziwa ya mbuzi kila asubuhi, na Naama akichovya kitambaa humo na kumtia mdomoni. Kwa hiyo kisa hiki si cha kuokota njiani, watu wetu walikiona. Lakini mtoto hakupatana na ya mbuzi. Anayatapika. Analia, anachoka, analala, anaamka analia, na kila siku kilio kinakuwa chembamba kuliko jana.

Na asubuhi moja Rumia akafungua mlango akakuta kizingitini bakuli dogo limefunikwa kwa jani. Ndani mna uwatu. Nyinyi mnaujua uwatu, mama wenzangu, mmenyweshwa uji wake mpaka jasho lenu likanukia. Ni wa kuleta maziwa. Naama ameleta. Nyumba ina msiba, mtoto anakwisha mikononi mwake, naye amekwenda kutafuta uwatu wa kumpa mwanamke mwenye mtoto wake mzima.

"Utupeni," akasema Rumia. "Umeshikwa na mikono ile."

Badra hakusema utupeni wala uleteni. Bakuli likabaki pale kizingitini.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mwanamume ungemweleza leo na kesho asingelielewa, lakini nyinyi mtalielewa sasa hivi. Ukuta ule ulikuwa mmoja. Kila yule mtoto alipolia, maziwa ya Badra yalitoka. Hayakuulizwa. Mwanawe amelala, ameshiba, upande wa pili kinalia kile kichanga, na kifua cha mama kinawaka, kinachoma, maziwa yanashuka yenyewe, yanalowesha kanzu. Akibonyeza kwa kiganja, yanapita vidoleni. Akiziba masikio, yanatoka vile vile. Ulimi ulisema yamekauka, na mwili ukakataa kushirikiana na ulimi.

Mchana mmoja kile kilio kilikuwa kidogo sana, cha kukatika katika, na maziwa yakaja kuliko siku zote. Alipomwinua mwanawe amnyonyeshe akaona shavu la mtoto ni jeusi. Jeusi! Akapiga ukelele. Rumia akaja mbio, Shukri akaacha udongo wake akaja na mikono ya matope. Wakamfuta mtoto shavu kwa kitambaa. Ukatoka weusi. Ni wino.

Badra akakivua kijifuko. Kimelowa kabisa. Akakichana, akatoa ile ngozi ya paa, na majina yote matukufu yaliyokuwa pale yameteremka kama mvua kwenye kioo. Ngozi nyeupe. Herufi hakuna.

Wale watu walikufa ganzi. Kwa sharia yao, jina la Mola lililoandikwa halifutwi, ni kosa kubwa. Karatasi ikichakaa wanaizika kama wanavyozika mtu. Na sasa limefutwa, na siku ya kutahiriwa haijafika, na mtoto hana kinga wala jina. "Yameingia," Badra akawa anasema. "Yameingia, maganda yameingia." 

Shukri akamkimbilia Mori.

Mori Yihya akaja na kidau chake cha wino na kipande kingine cha ngozi. Hakuingia chumba cha mzazi, haikuwa adabu. Aliketi nje ya pazia, juu ya kile kigoda cha Rumia, akiwa amevaa aproni yake ya kufulia fedha. Akasema, "Nitaandika nyingine. Lakini nikiandika upya lazima nijue ile ya kwanza imefutwa na nini. Ndiyo sharia. Nipeni."

Wakampa. Akaigeuza, akaisogeza machoni.

"Ni jasho, Mori," Rumia akadakia. "Joto la siku hizi, na mzazi anatoka jasho, wewe mwenyewe unajua..."

"Najua jasho, Bi Rumia. Nafanya kazi mbele ya moto." Akainusa. "Jasho langu halijawahi kunukia utamu. Lako limepata kunukia?"

Rumia akatazama chini.

"Binti yangu Badra," akasema Mori kwa sauti ya chini. "Si jasho hili."

Hapo ndipo mtihani wake, waja wa Mungu. Maana alikuwa bado anaweza. Angesema nimemwagikiwa, angesema mtoto amecheua, nani angembishia? Hirizi mpya ingeandikwa, kifua kingefunikwa, na ule ukuta ungeendelea kuwa ukuta. Na akisema kweli, kweli hiyo ilikuwa na mguu wa pili: ukisema yapo, lazima uyatoe. Akamtazama mwanawe mwenye alama ya wino shavuni. 

"Ni maziwa," akasema. "Ninayo, Mori. Nilikuwa nayo siku ile. Naama alikuja na mtoto wa Lulua nikamwambia yamekauka. Kila akilia yanatoka. Nimemnyima mtoto, na jina la Mungu limefutika kifuani kwangu."

 Wakasikia Mori anafunga kidau chake cha wino.

"Huandiki, Mori?" Rumia akashtuka. "Huandiki? Na mjukuu wangu?"

"Bi Rumia, keti. Badra, nisikilize. Mlinisikia mkiwa nyuma ya pazia nikisema maganda, na labda sikuyasema vizuri, nitaulizwa mimi kwa hilo. Naama alitoka kwa maiti, ana maji yake chini pale, anajizamisha, anatoka safi. Wewe umetoka kwenye uzazi, una maji yako, siku zikifika utashuka nawe, na ni chemchemi ile ile, maji yale yale. Lakini uongo hauna birika. Ganda halina utomvu, nilikwambia; linangoja upande wa uhai upasuke, linyonye. Na upande huo ulipasuka siku ile, si kwa Naama kusimama mlangoni. Ulipasuka kwa neno lako."

"Na majina, Mori? Majina yaliyofutika?"

Hapo sauti yake ikabadilika, Shukri ndiye aliyesema baadaye, kwamba aligeuka kumtazama akamwona yule mzee macho yamejaa. "Katika Torati yetu," akasema, "liko jambo moja tu ambalo Mungu mwenyewe ameamuru jina lake lifutwe. Mume na mke wakiwa wametengwa na shaka, jina linaandikwa, linafutwa kwa maji, ili wapatane. Yeye aliyetukuka ameridhia jina lake lioshwe ili mlango uliofungwa ufunguke. Nimeandika hirizi maisha yangu yote, binti yangu. Sijawahi kuona moja ikijibiwa namna hii. Wewe ulitaka jina lisimame baina yako na yule mtoto. Limekataa. Limeteremka lenyewe lipishe maziwa."

Badra akalia. Kisha akauliza lile ambalo mimi kila nikifika hapa nalisubiri, kwa kuwa ningeuliza mimi. "Nikimnyonyesha, na mwanangu akafa?"

Na yule mja mwema hakumdanganya. Angeweza kumwambia hatakufa, nenda. Alisema: "Sijui. Sina ahadi mkononi. Ile ngozi haikuwa ahadi, ilikuwa dua. Ninachokijua ni kwamba nyuma ya ukuta huu kuna mtoto mmoja, na huyo hahitaji wino."

Badra akainuka. Mzazi kwao hatoki chumbani siku zile, na Rumia akasimama mlangoni mikono yote miwili imetanda, anasema huvuki, juu ya maiti yangu huvuki. Badra akamwekea mwanawe mikononi. Akasema tu, "Mshike, mama." Na mtu akiwa ameshika kichanga hawezi kuziba mlango. Akavuka kizingiti, wino mweusi umemchirizika kifuani mpaka kiunoni, akainama akaokota lile bakuli la uwatu, akaenda kusimama mlango wa pili.

Naama alikuwa sakafuni, mtoto mapajani, kitambaa cha maziwa ya mbuzi mkononi. Akainua uso.

"Nilikudanganya, Bi Naama," akasema Badra. "Yalikuwepo. Siku ile ile yalikuwepo."

"Nilijua," akasema Naama.

"Ulijua?"

"Mwanangu, nimezaa saba. Niliona kanzu yako kwenye upenyo, imelowa mpaka huku. Mimi naosha wafu, si kwamba ni kipofu wa walio hai."

"Mbona ukaniletea uwatu, kama ulijua?"

Naama akamfuta mtoto kinywa. "Ili siku ukitaka kuja uwe na la kusema. Ungesema, Bi Naama, nimekula uwatu wako, maziwa yamerudi. Ningesema alhamdulillahi. Tusingelitaja tena."

 Hapa bibi alikuwa akiokota lozi, anaiweka juu ya jiwe, haivunji.

Badra akakaa chini palepale, kwenye mkeka ambao Lulua alilala, akampokea yule mtoto wa kike. Alikuwa mwepesi kama kanga iliyokunjwa. Mwanzo hakujua afanye nini, amechoka, mdomo wazi tu. Tone likaanguka ulimini. Akafunga mdomo. Kisha akashika, na Naama aliyekuwa hajalia tangu siku ya kumuosha mwanawe, aliposikia ile sauti ya kumeza, mnaijua, ile ya glu, glu, akaweka kichwa kwenye bega la Badra akalia kilio cha mama mwenye msiba. Na Badra hakumwambia ondoka, mikono yako ina maji ya maiti.

Siku ya kutahiriwa ikafika. Kwa rehema zake Mola mtoto alikuwa mzima, wakamtahiri, wakampa jina, Manahem, na maana yake kwa lugha yao ni mwenye kufariji. Bi Rumia alimbeba mwenyewe. Na wakati wanawake wanaulizana nani amshike yule wa Lulua shughuli ikiendelea, Rumia akasema kwa ukali, "Mleteni hapa, mnaogopa nini, mmeona maganda?" Watu wakacheka mpaka Mori akalazimika kusubiri.

Kikopo cha fedha kilipokamilika Mori akakileta. Ndani hakutia hirizi mpya. Alitia ile ile ngozi nyeupe, iliyooshwa, akaitundika juu ya susu walimolala watoto wote wawili, mmoja kichwani mmoja miguuni. Anasema babu yake bibi kwamba yeye alikuwa akiingia nyumba ile akiona kile kikopo kikicheza kwa upepo. Hata alipozeeka huku Tanga, akiona fedha ikimeta, alikuwa akiuliza kama wale watoto bado wapo. Nani wa kumjibu? Walihama, kila mtu alihama. Milozi labda ndiyo iliyobaki.

Ndivyo nilivyokipokea kisa, nami nimekifikisha. Mwanangu amelala hapa ubavuni nikiandika, na mimi naogopa, nalala namsikiliza anavyopumua, nikikosa kusikia naweka kidole puani kwake. Zamani nilidhani bibi anatufundisha tusiogope. Sasa najua siyo. Alipomaliza alikuwa akivunja lozi, tak, akitugawia, na mdogo wetu alikuwa hapendi lile ganda jembamba la ndani, anataka achunwe.

"Acha, mwanangu," bibi alikuwa akimwambia. "Hilo limeshikana na kiini. Kula nalo."

Hofu ya mama nadhani ni hilo. Haichuniki, imeshikana na mapenzi. Ila nimeomba, na nyinyi niombeeni, siku mwenzangu akibisha hodi na mtoto wake mikononi, niamke nayo hivyo hivyo, niende nikafungue mlango.